Mutu ao Mashini? Ushauri kwa Wanaotaka Kukimbiza Gemu za Zamani

Swali hili hunifikia karibu kila wiki, na huja kwa namna ileile. Kijana anaingia kwenye kibanda cha kuchaji simu hapa Misisi, anangoja batri ipande kidogo, kisha ananisogezea skrini. Mario anakimbia bila kusimama hata mara moja. Anakanyaga kobe, anapenya kati ya nyundo zinazorushwa kwa nafasi ya ukucha, anaingia kwenye bomba, anatokea mbali. Gemu ambayo wengi wetu tulihangaika nayo likizo nzima bila kumwona binti mfalme inakwisha kabla chai haijapoa. Kijana ananitazama: "Yaya, ule ni mutu ao ni mashini?"

Nikishamjibu, la pili linafuata hapohapo: "Na miye naweza?"

Nimeulizwa hivyo na wachimbaji waliotoka shimoni, na wanafunzi wa Baraka waliokuja kutembelea ndugu, na mama mmoja aliyetaka kujua mwanawe anamalizia mega kwenye kitu gani. Nimeona niyaweke majibu yote mahali pamoja.

Vitu viwili vyenye sura moja

Kukimbiza gemu ni kuimaliza kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana. Njia ni mbili, na video zake ukizitazama bila maelezo zinafanana kama mapacha.

- Mbio za mikono. Mtu anakaa, saa inaanza, anacheza tangu mwanzo hadi mwisho bila kusimamisha chochote. Muda unaohesabiwa ni ule uliopita kweli. Akianguka katika sekunde ya mwisho, ameanguka. Wenyewe huziandika kwa kifupi RTA.
- Mbio za zana. Mtu anafungua gemu ndani ya emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya gemu, kwenye kompyuta, anaisimamisha, anaisogeza fremu (picha) moja baada ya nyingine, na kwa kila fremu anaamua ni kitufe gani kibonyezwe. Akikosea anarudi nyuma, anarekebisha. Kazi ya dakika tano inaweza kumla miezi. Kifupi chake ni TAS.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kote kuwili ni mtu. Hata kwenye mbio za zana hakuna mashine iliyojifunza kucheza yenyewe; kuna mtu aliyekaa na kupanga kila hatua kama fundi wa saa. Mbio za mikono zinakuonyesha binadamu anaweza nini. Mbio za zana zinakuonyesha gemu yenyewe ina nini tumboni.

Jina la "zana" lilitoka kwa wachezaji wa Doom mwaka 1999. Kampuni ya id Software ilikuwa imetoa msimbo wa gemu hiyo mwishoni mwa 1997, na wapenzi wake wakaurekebisha ili waweze kurekodi polepole na kurudia walipokosea.

Mashaka ninayoyasikia zaidi

*"Basi huo ni wizi."*

Ungekuwa wizi kama angesema ni mikono. Mwaka 2003 video ya Mjapani anayejiita Morimoto, akimaliza Super Mario Bros. 3 kwa dakika 11 na sekunde chache, ilizunguka dunia. Watu wakaipokea kama kazi ya mikono. Walipojua ilivyotengenezwa, wengi walikasirika na kumwita mwongo. Morimoto alikuwa ameeleza waziwazi kwenye ukurasa wake, lakini kwa Kijapani, na maelezo hayakusafiri pamoja na video. Desemba ya mwaka huohuo Mfini Joel Yliluoma, maarufu kwa jina la Bisqwit, akaanzisha mkusanyiko wa kazi za aina hiyo ambao leo unaitwa TASVideos, na pale kila kazi inatajwa wazi kuwa ni ya zana. Kisa hicho kinarudi kila siku kwenye simu zetu: video inarushwa kutoka kundi hadi kundi, maelezo yanabaki njiani.

*"Wameichokonoa gemu ndani."*

Hapana. Mbio za zana halali hutumia vitufe vilevile vya kidhibiti, juu ya gemu ileile iliyotoka kiwandani. Januari 2014, kwenye tamasha la Awesome Games Done Quick nchini Marekani, kifaa kinachoitwa TASBot kiliunganishwa na mashine halisi ya Super Nintendo mahali pa kidhibiti. Kilibonyeza vitufe kwa mpangilio uliokuwa umeandaliwa, na Super Mario World, kwa sababu ya kasoro zake yenyewe, ikageuka kuwa gemu ya Pong na ya Snake mbele ya watazamaji. Kaseti haikuguswa.

*"Kama zana inashinda, mikono ya nini?"*

Tazama Tetris ya Nintendo ya 1989. Mwaka 2021 programu inayocheza yenyewe iitwayo StackRabbit, ambayo ni zana ya aina nyingine, iliyotengenezwa na Greg Cannon, ilicheza hadi ngazi ambazo hakuna binadamu aliyekuwa amezifika wakati huo, na ikaonekana kwamba kuna mahali gemu huzidiwa na kuganda. Wachezaji wakaanza kutafuta ni wapi hasa. Tarehe 21 Desemba 2023 mtoto wa miaka 13 wa Oklahoma, Willis Gibson, alifika ngazi ya 157 na gemu ikaganda mikononi mwake. Zana ilitangulia kufyeka njia, mikono ikapita.

Zana ni hakimu pia. Kwenye gemu ya Dragster ya Activision, ya mwaka 1980, rekodi ya Todd Rogers ya sekunde 5.51 ilisimama tangu 1982 kwa zaidi ya miaka thelathini. Eric Koziel alichambua msimbo wa gemu hiyo na kuonyesha kwamba haishuki chini ya 5.57, hata mchezaji awe nani. Januari 2018 shirika la Twin Galaxies, linalotunza rekodi, likaifuta.

Chagua kwa kuangalia umeme ulio nao

Hapa natofautiana na ushauri mnaousikia kutoka mbali. Wao husema: anza na mikono, zana waachie wataalamu. Kwa mtu wa Misisi, kama una kompyuta hata ya zamani, nasema kinyume.

Fikiria. Hapa umeme wetu ni paneli na jenereta. Mbio za mikono hazivumilii kukatika: jenereta ikizima ukiwa hatua ya mwisho, mbio zote zimekwenda na maji. Zinataka kidhibiti kizuri, skrini isiyochelewa, na ukimaliza unatakiwa kupakia video ambayo inakula mamia ya mega. Mbio za zana ni za mtu mwenye saa mbili leo na saa moja keshokutwa. Unahifadhi, unafunga, unalala. Mikono yako inaweza kuwa imechoka na sururu, haidhuru, maana hakuna anayepima wepesi wake. Na unachotuma mwishoni ni faili ya maandishi, isiyofika hata mega moja, inayopungua sana ukiibana.

Pima hivi:

- Una kompyuta, umeme wa kubahatisha, mega kidogo: zana.
- Una TV gemu au simu yenye kibodi, na mahali penye umeme wa saa tatu mfululizo: mikono.
- Una simu tu yenye kioo cha kugusa: fanya mikono kwa mazoezi, lakini usiwe na haraka ya kutuma popote. Nitaeleza.
- Huna chochote na unacheza kwenye ukumbi kwa kulipia dakika: jifunze njia kwanza kwa kutazama na kuandika kwenye daftari. Pesa yako isiishie kwenye kupotea njia.

Kabla ya kuanza: mambo matatu ya usalama

Emuleta kama FCEUX hutolewa bure, na kuitumia hakuna kosa. Gemu yenyewe bado ni mali ya Nintendo. Anayekuuzia flash yenye gemu elfu kumi hakupewa ruhusa na mtu yeyote. Usiwe mkono wa biashara hiyo.

Ukipakua emuleta ya simu, ikikuomba ruhusa ya kusoma SMS, ifute. Emuleta haina kazi na ujumbe wako. Simu hiyohiyo ndiyo yenye pesa yako, na ujumbe wa pesa hufika kwa SMS.

Na mtu akikutumia faili ya "kuongeza kasi", usiifungue. Hakuna kitu kama hicho.

Hatua za mikono

1. Shika gemu moja. Nashauri Super Mario Bros. ya 1985. Ni fupi, kila mtu anaijua, na kasoro zake nyingi zimeshachunguzwa. Kati ya hatua 32, njia ya mkato inapita 8 tu: 1-1, 1-2, 4-1, 4-2, kisha 8-1 hadi 8-4.

2. Jifunze njia kabla ya kasi. Kwenye 1-2 panda juu ya matofali, tembea juu ya dari mpaka utokee kwenye mabomba matatu, uingie la kushoto lenye namba 4. Kwenye 4-2 kuna matofali yasiyoonekana. Yafumue, panda mmea unaochipuka, na juu utakuta bomba la namba 8. Wakimbiaji wakubwa hawapandi mmea. Wanaingia kwenye bomba moja wakiwa wameivuruga skrini kidogo, na gemu, ambayo haijasasisha mahali pa kuwapeleka, inawatupa palepale mmea ungewafikisha. Usianze na hilo. Panda mmea mwezi mzima.

3. Achana na kioo. Kidole juu ya kioo hakijui kitufe kinaanzia wapi. Waya mdogo wa OTG na kibodi ya kompyuta vinatosha. Mchezaji anayejiita Niftski ndiye mtu wa kwanza kumaliza Super Mario Bros. chini ya dakika 4 na sekunde 55. Ilikuwa Aprili 2021, na alitumia emuleta na kibodi. Kwa hiyo usiseme huna kidhibiti cha bei.

4. Vunja mbio vipande vipande. Fanya 8-1 peke yake mara hamsini. Wakati wa mazoezi hifadhi na urudie utakavyo, hapo zana ni mwalimu. Siku ya mbio zenyewe usihifadhi hata mara moja.

5. Weka lengo linalofikika. Kwanza kumaliza bila kufa. Kisha chini ya dakika 7. Kisha 6. Kutoka 6 kwenda 5 na nusu ndipo utajua kama unaipenda kazi hii.

6. Rekodi nzima, bila kukata. Washa kurekodi kabla gemu haijafunguliwa, zima baada ya mwisho. Sauti ibaki. Simu ya pili ikimulika mikono yako ni bora zaidi. Video iliyokatwa, hata kwa nia njema ya kuokoa mega, haina thamani kwa mhakiki.

Bariyeri ya fremu 21

Hapa naomba mtulie, maana anayelielewa hili anaacha kulia bure.

Mashine ya zamani ya Nintendo huchora picha karibu 60 kwa sekunde. Kila picha ni fremu moja. Sasa, kwenye Super Mario Bros., ukimaliza hatua gemu haikupeleki mbele papo hapo. Inakagua mara moja kila baada ya fremu 21, yaani kama sekunde 0.35. Ni sawasawa na bariyeri ya barabarani inayoinuliwa kwa zamu. Pikipiki mbili zinatoka Lubichako: moja inafika bariyeri mapema, nyingine inafika imechelewa kidogo, lakini kamba bado imefungwa. Zote zinasubiri, zote zinapita pamoja. Yule wa kwanza amechoma mafuta bure.

Mambo matatu yanatokana na hapo:

- Ukijikwaa kidogo kwenye 1-1, usizime gemu. Huenda umefika kabla ya bariyeri ileile, na hujapoteza chochote. Nimeona vijana wakianza upya mara arobaini kwa jioni moja kwa sababu ya kosa lisilo na gharama.
- Muda wako hautapungua kidogokidogo. Utakwama palepale siku kumi, halafu utaruka sekunde 0.35 kwa mara moja, kwa sababu umewahi bariyeri ya mbele.
- Kwenye 8-4 hakuna bariyeri mwishoni. Saa inasimama Mario anapogusa shoka, kwa hiyo kila fremu inahesabiwa. Mazoezi ya 8-4 yasiwe ya kubahatisha.

Na ni zana zilizowaonyesha watu wa mikono ni bariyeri gani inafikika kwenye kila hatua. Bila zana, mtu angeendelea kukimbilia lango ambalo haliwezi kuwahiwa. Mwezi wa Septemba 2023 Niftski alifika dakika 4 na sekunde 54.631, na pengo kati ya mikono na zana, zikipimwa kwa saa moja, likawa halifiki nusu sekunde.

Hatua za zana

FCEUX haihitaji kompyuta ya nguvu. Ile iliyokataliwa ofisini inaiendesha vizuri.

1. Anza kurekodi tangu kuwashwa. Usianzie katikati kwenye hifadhi yako. Mkanda, yaani faili ya rekodi yako, ukianzia katikati hauaminiki.

2. Chagua kitufe cha kusogeza fremu moja, na kingine cha kuhifadhi. Hivyo viwili ndivyo jembe na panga lako.

3. Sogeza, jaribu, rudi. Shika kulia na B. Sogeza fremu. Bonyeza A kwenye fremu hii. Tazama Mario anatua wapi. Rudi, bonyeza fremu moja baadaye, linganisha. Andika kwenye daftari.

4. Fungua mkanda wako uusome. Mkanda wa FCEUX ni maandishi ya kawaida, mstari mmoja kwa kila fremu. Mstari wa Mario anayeruka huku akikimbia unaonekana hivi:

   |0|R.....BA|........||

   Nafasi nane za kwanza ni kulia, kushoto, chini, juu, kuanza, kuchagua, B na A. Kitufe kilichobonyezwa kinaonyesha herufi yake, kisichobonyezwa kinabaki nukta. Mbio za dakika tano ni kama mistari 18,000 ya namna hiyo. Mara ya kwanza nilipouona mkanda wa namna hii, sikuona tena uchawi. Niliona uvumilivu uliopangwa mstari kwa mstari.

5. Hifadhi nakala kila unapomaliza hatua moja. Moja kwenye kompyuta, moja kwenye flash, na ikiwezekana moja kwenye simu ya rafiki. Jenereta ikizima ghafla inaweza kuharibu faili iliyokuwa wazi. Kijana mmoja alipoteza kazi ya wiki sita kwa njia hiyo, akiwa amebakiza 8-3 na 8-4.

6. Uchezeshe mkanda tangu mwanzo hadi mwisho kabla ya kumtumia mtu. Ukiona Mario anaanza vizuri halafu anajitosa shimoni bila sababu, mkanda umetoka nje ya njia. Mara nyingi ni kwa sababu nakala ya gemu si ileile, au toleo la emuleta limebadilika. Andika yote mawili juu ya mkanda.

Makosa yanayorudiwa

Kulinganisha saa mbili tofauti. Hili ndilo linalogombanisha watu kuliko yote. Mkanda wa zana wa Mchina HappyLee, uliochapishwa TASVideos mwaka 2011, umeandikwa dakika 4 na sekunde 57.31. Watu wakiona Niftski ana 4:54 wanapiga makofi kwamba binadamu ameishinda zana. Sivyo. TASVideos huanza kuhesabu tangu mashine inapowashwa, mpaka kitufe cha mwisho. Watu wa mikono huanza pale hesabu ya 400 inapotokea kwenye 1-1, mpaka shoka liguswe. Ni kama kupima safari ya Baraka, mmoja akianzia nyumbani kwake na mwingine akianzia kwenye kituo cha magari. Uliza kwanza: saa ilianza wapi?

Turbo. Vidhibiti vingi vya TV gemu za sokoni vina vitufe vinne mahali pa viwili: A na B za kawaida, na A na B zinazojibonyeza zenyewe ukizishikilia. Hizo za pili ni turbo. Ukizigusa kwenye mbio za mikono, mbio zimebatilika. Zibandike gundi kama unajijua una kidole chepesi.

Kushoto na kulia kwa pamoja. Kidhibiti halisi hakikuruhusu kubonyeza pande mbili kwa wakati mmoja. Kibodi inaruhusu, na gemu za zamani huchanganyikiwa, wakati mwingine kwa faida yako. Kwenye mbio za mikono za Super Mario Bros. ni marufuku. Emuleta nzuri zina mahali pa kuzima jambo hilo, lizime.

Kasi ya TV. Gemu za Marekani na Japani zilitengenezwa kwa karibu fremu 60 kwa sekunde, za Ulaya kwa 50. TV gemu nyingi za bei nafuu zinafuata mpangilio wao wenyewe. Muda ulioupata kwenye mashine ya sokoni ni wako na wa mtaa wako. Usiupeleke kwenye orodha ya dunia kabla ya kujua mashine yako ni ya kundi gani.

Kurudisha nyuma bila kujua. Emuleta za simu zina kitufe cha kurudisha nyuma na cha kupunguza kasi, na huwa karibu sana na vitufe vya kucheza. Viondoe kwenye skrini kabla ya mbio.

Kutosoma sheria. Orodha kubwa ya muda wa mbio za mikono iko speedrun.com, tovuti iliyoanza 2014. Kila gemu ina sheria zake na emuleta zinazokubaliwa. Usidhani ya simu yako imo. Soma kabla hujatumia mega.

Kuhusu dau

Nalisema hili kwa uzito. Kwenye kumbi zetu watu huweka dau: nani atamaliza kwanza, nani atafika wapi. Na nimeshasikia ya mtu kuonyesha mkanda wa zana kwenye simu, akisema ni wake wa mikono, na kukusanya franka za wachimbaji waliotoka kazini. Hiyo pesa mtu aliipata kwa kukaa gizani chini ya ardhi. Ukijua mkanda ni wa zana ukanyamaza wakati dau linawekwa, umeshiriki.

Akikuambia ni mikono yake, mwombe mambo mawili: acheze hatua moja tu, 8-1, mbele yako, na akuonyeshe video nzima tangu mashine ilipowashwa. Mkweli hatakasirika.

"Itanipatia nini?"

Wazazi huuliza hili, na wana haki. Pesa, sitawadanganya, si rahisi. Wachache sana duniani wanaishi kwa kukimbiza gemu.

Lakini mtoto aliyetengeneza mkanda wa zana wa hatua moja amejifunza kuhesabu fremu, kujaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja, kuandika matokeo, kutunza nakala. Amegusa mambo ambayo shule nyingi hapa hazina kompyuta ya kumfundishia. Kwangu hilo si dogo.

Na kuna jambo ambalo mama yule hakulitarajia nilipomwambia. Tamasha la kiangazi la hao wakimbiaji, Summer Games Done Quick, huchangishia Madaktari Wasio na Mipaka (MSF). Mwaka 2019 pekee walipitisha dola milioni 3, watu wakichanga huku wakitazama gemu za utotoni zikikimbizwa usiku na mchana. Ni MSF haohao ambao kwa miaka mingi walitibu wagonjwa wetu Baraka na Kimbi-Lulimba. Mama alinyamaza kidogo, akauliza: "Kwa hiyo hawa watoto wanaocheza ndio wamelipa dawa?" Sehemu yake, ndiyo.

Hata hivyo mwekeeni mipaka. Saa moja siku za shule. Simu ichajiwe kwa pesa aliyoipata yeye, na usiku ilale mbali na kitanda.

Maneno ya kuandika juu ya video

Kama maelezo ya Morimoto yalibaki njiani, basi yako yaandike ndani ya picha yenyewe, mwanzoni, kwa sekunde tano, ili atakayeirusha asiweze kuyaacha nyuma. Kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa ukiweza.

Kwa zana, andika:

- Mbio za zana, zimetengenezwa fremu kwa fremu
- Jina la gemu na toleo lake
- Emuleta na namba ya toleo
- Umerudia mara ngapi (FCEUX inakuhesabia yenyewe)
- Saa imeanzia wapi na imeishia wapi

Kwa mikono, andika:

- Mbio za mikono, hazikukatwa
- Mashine au emuleta, kidhibiti au kibodi
- Turbo na kurudisha nyuma vimezimwa
- Tarehe na muda

Yule kijana wa kibandani amefika 4-2 na bado anapanda mmea. Daftari lake lina kurasa sita za 1-2 peke yake. Juu ya kila ukurasa ameandika kwa kalamu nyekundu, "mikono".